Kuchagua Chujio Jipya la Hewa kwa Subaru Yenye Tabo: Mwongozo Kamili

Subaru nyingi zenye tabo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, zinazotembea Nairobi, Arusha na Dar zilifika kutoka Japani zikiwa zimeshaguswa. Unafungua boneti, boksi jeusi la kiwandani halipo. Mahali pake pamekaa chujio lisilo na boksi: koni ya Apexi, uyoga wa HKS au ule wavu wa chuma wa Blitz, na muuzaji anakwambia hapo ndipo ule mvumo mtamu unapotoka. Miaka inapita, sponji inaanza kumeguka au karatasi inageuka rangi ya udongo, na sasa unatafuta la kubadilisha. Dukani unaonyeshwa machujio kumi yenye rangi kumi, kila moja "la mashindano".

Msimamo wangu nautoa mapema ili usipoteze muda kama hukubaliani nao: kwa vumbi letu, chujio huchaguliwa kwanza kwa kazi ya kuchuja, pili kwa jinsi linavyoelewana na sensa inayopima hewa, na nguvu za injini huja mwisho kabisa. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda ya 2000 kwa Impreza vilevile. Kwa kanuni za wakati ule za WRC, yaani mashindano ya dunia ya rali, hewa yote ya injini ililazimika kupita kwenye tundu la milimita 34 kabla ya kufika kwenye tabo, na bado magari yale yalitoa nguvu za farasi zipatazo 300. Bomba la hewa la WRX ya mtaani lina kipenyo karibu mara mbili ya tundu lile. Kwa hiyo mtu akikuahidi farasi 20 kwa kubadilisha chujio tu, muulize hao farasi walikuwa wamefungwa wapi.

Mifano yangu mingi ni ya Impreza WRX ya GDA, yaani zile za 2000 hadi 2007 zenye injini ya EJ20, pamoja na ndugu zake Forester SG5 na Legacy BP5. Mwenye Altezza, Evo au Mark II naye atapata chake humu.

Hatua ya 1: Jua una nini chini ya boneti

Anzia kwenye tabo na ufuate bomba kurudi nyuma mpaka pale hewa inapoingilia. Utakuta mpangilio mmoja kati ya mitatu: boksi la kiwandani lenye chujio bapa ndani, koni iliyofungwa moja kwa moja kwenye nyumba ya sensa ya hewa, hii ambayo mafundi huiita ea flo, au bomba refu la chuma lisilo la kiwandani, na koni mwisho wake.

Kama boksi la kiwandani bado lipo, umebahatika. Unachohitaji ni chujio bapa la saizi ileile, na namba ya spea itakuongoza. Machujio halisi ya Subaru na Nissan yana namba inayoanza na 16546, ya Toyota huanza na 17801. Soma namba iliyochapwa kwenye raba ya chujio kuukuu, au mpe muuzaji namba ya chesisi. Usiseme tu "la Impreza", maana Impreza ziko za kila aina.

Kama una koni, angalia ea flo imekaa wapi. Kwenye GDA, kiwandani iliwekwa shingoni mwa boksi, karibu kabisa na chujio. Ukiondoa boksi, nayo inahamia kwenye kipande cha adapta au kwenye bomba jipya, na hapo ndipo matatizo mengi huanzia. Nitalirudia jambo hili kwenye hatua ya 4.

Evo IV hadi IX zina ea flo ya aina nyingine, inayohesabu vimbunga vidogo vya hewa. Hewa ikiingia imevurugika, hesabu nayo inavurugika. Mark II na Chaser zenye 1JZ-GTE hazina ea flo kabisa, zinapima shinikizo ndani ya manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwenye silinda, kwa hiyo wenyewe wana uhuru mkubwa zaidi wa kucheza na bomba na koni.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya hewa

Hii haihitaji mhandisi. Injini ya lita 2 yenye mipigo minne humeza lita moja ya hewa kwa kila mzunguko. Kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika, hizo ni lita 6,500 kama silinda zingejaa kikamilifu. Tabo ikisukuma kwa baa moja, yaani shinikizo karibu sawa na la hewa ya kawaida, kiasi hicho kinakaribia kuwa mara mbili. Ukiondoa joto na upotevu wa kawaida, WRX yenye farasi 250 hivi humeza kama lita 10,000 kwa dakika ikiwa imekanyagwa mpaka chini. Kwenye bomba la milimita 76, hewa hiyo inapita kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 130 kwa saa.

Mwendo huo ni wa kwenye bomba. Kwenye chujio lazima upungue sana, na kinachoupunguza ni eneo la mikunjo. Chukua rula: hesabu mikunjo, pima kina cha mkunjo mmoja na urefu wake, kisha zidisha idadi ya mikunjo kwa kina, kwa urefu, kwa mbili. Chujio bapa lenye mikunjo 55, kila mmoja kina cha milimita 25 na urefu wa milimita 200, lina zaidi ya nusu mita ya mraba ya karatasi. Koni ndogo yenye mikunjo 40 ya kina cha milimita 15 na urefu wa milimita 120 haifiki hata sentimita 1,500 za mraba, yaani karibu robo ya lile bapa. Ndiyo ile koni ndogo ya bei poa inayouzwa kwa sifa ya kuvuta hewa nyingi.

Kutokana na hesabu hiyo, chukua chujio kubwa kuliko yote yanayoenea kwenye nafasi uliyo nayo. Chujio kubwa hupitisha hewa kwa upole, hubeba vumbi jingi kabla ya kuziba, na huchuja vizuri zaidi kwa sababu chembe hazisukumwi kwa kasi kupenya kwenye nyuzi. Acha nafasi ya kama sentimita mbili kati ya chujio na kitu chochote kigumu, maana injini hutikisika na ukuta wa boksi unaweza kulisaga.

Hatua ya 3: Chagua kitu kinachochuja

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Vumbi la barabara zetu lina mchanga wa silika, na silika ni ngumu kuliko vyuma vingi vilivyomo ndani ya injini. Chembe zinazoua zaidi ni zile usizoziona, za kama maikroni (elfu ya milimita) 5 hadi 20, kwa sababu zinaingia sawasawa kwenye nafasi kati ya ringi na ukuta wa silinda. Kabla ya kufika huko zinapita kwenye kompresa ya tabo, na mapezi yake yanayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika yanasagwa kingo polepole.

Machujio hupimwa maabara kwa kiwango cha ISO 5011: vumbi la kipimo maalumu linapulizwa, kisha kinapimwa kilichonaswa na kilichopenya. Ukisoma asilimia kwenye boksi, usiangalie kilichonaswa, angalia kilichopenya. Chujio la asilimia 99.5 linapitisha nusu gramu katika kila gramu 100. La asilimia 98 linapitisha gramu mbili, yaani mara nne ya lile la kwanza. Kwenye karatasi ya tangazo zote mbili zinaonekana "karibu 100". Kampuni isiyotaja kipimo chochote, mimi naihesabu kuwa haina la kusema.

Karatasi ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo bora kwa gari linalotembea kila siku kwenye vumbi. Inachuja vizuri tangu siku ya kwanza, haina mafuta ya kuchafua sensa, na ikijaa unaitupa. Ubaya wake ni unyevu, na kwamba haioshwi. Koni za Apexi Power Intake nazo ni za jamii hii kavu, ndiyo maana nikizikuta kwenye gari la kununua huwa napumua.

Pamba yenye mafuta ndiyo iliyoipa K&N ya California jina tangu mwisho wa miaka ya 1960. Tabaka za pamba zimebanwa kati ya nyavu, na mafuta ndiyo yanayonata vumbi. Inapitisha hewa vizuri na inaoshwa mara nyingi. Lakini mafuta yakiwa machache vumbi linapita, na yakizidi yanarushwa mpaka kwenye waya wa ea flo. Aliyeipaka vizuri hapati shida. Tatizo ni mkono mzito wa fundi anayedhani kwamba ukimwaga zaidi ndivyo unavyolinda zaidi. Kama huwezi kujisimamia mwenyewe kazi ya kuosha na kupaka, usinunue pamba.

Nyuzi za sintetiki kavu, mfano AEM Dryflow, zinaoshwa kwa maji na sabuni na hazipakwi chochote. Kwa mtu mwenye koni asiyetaka kurudi kwenye boksi la kiwandani, hili ndilo chaguo ninalolipendekeza mara nyingi.

Sponji, kama ile ya HKS Super Power Flow, ina tabaka kadhaa na inavuta hewa kwa wingi, ila ni ya kubadilisha kwa wakati. Joto la injini huila. Ibonyeze kwa kidole: ikibaki na shimo, au kidole kikitoka na unga, toa leo. Chembe za sponji hazina pa kwenda ila kwenye tabo. Na zile nakala za uyoga zinazouzwa bila jina wala boksi, sponji yake ukiishika kwenye mwanga unaona upande wa pili.

Wavu wa chuma, kama ule wa Blitz, ni mzuri kwa macho na unadumu. Kwa lami laini ya barabara kuu za Japani una maana yake. Kwa barabara ya vumbi ya kwenda shamba, hapana.

Jambo moja linawashangaza watu: chujio lenye vumbi kiasi linachuja vizuri kuliko jipya, kwa sababu vumbi lililotangulia linageuka kuwa kizuizi cha linalofuata. Kwa hiyo kulisafisha kila wiki ni kujiharibia. Na ule mtindo wa gereji, fundi kuligonga chujio la karatasi kwenye tairi kisha kulipuliza kwa upepo wa kompresa akiwa ameusogeza mdomo wa bomba mpaka ugusane na karatasi, unatoboa matundu madogo ambayo hutayaona. Gari linarudi kwako na chujio jeupe, safi, lililokufa.

Hatua ya 4: Pima shingo, na uiheshimu ea flo

Toa koni kuukuu, safisha bomba, pima kipenyo cha nje cha bomba kwa venia, kile kipimio cha chuma chenye taya. Usipime kwa utepe wa fundi cherehani. Saizi zinazopatikana sana kwa ndani ya shingo ya chujio ni milimita 63, 70, 76, 80, 89 na 102. Shingo ilingane na bomba, au ipishane kwa milimita moja tu ambayo klampu itaimaliza. Vile vipete vya raba vinavyokuja kama zawadi ili koni moja iingie kwenye kila gari ni mlango wa vumbi: klampu inakaza pete ya nje huku ya ndani ikicheza.

Pima pia urefu wa shingo. Ikiwa fupi kuliko milimita 25 hivi, klampu haina pa kushika vizuri. Na angalia ndani ya kitako cha koni: zile nzuri zina mdomo uliopinda kama tarumbeta, unaoiingiza hewa bila kuivuruga. Za bei rahisi zina ukingo uliokatwa tu.

Sasa ea flo. Sensa hii haipimi hewa yote. Waya wake unahisi hewa inayopita mahali pamoja ndani ya bomba, kisha kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inakadiria jumla kwa kuamini kuwa bomba lina kipenyo kilekile cha kiwandani. Tuseme ulikuwa na nyumba ya sensa ya milimita 66 na ukahamishia sensa kwenye bomba la milimita 76. Eneo limeongezeka kwa theluthi moja, hewa inapita polepole, na sensa inasoma kama robo pungufu ya hewa iliyoingia kweli. Kontroli boksi inatoa petroli ya hewa iliyoisoma, wala si ya hewa iliyoingia. Ukiwa unatembea taratibu, sensa ya oksijeni inarekebisha na huhisi kitu. Ukikanyaga na tabo ikijaa, gari halisikilizi tena marekebisho hayo, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, injini inagonga. Kwenye injini hizi za EJ, kinachovunjika mara nyingi ni ukuta mwembamba wa pistoni unaoshika ringi, na huo haubadilishwi bila kushusha injini.

Kwa hiyo nyumba ya ea flo iwe ya kipenyo cha kiwandani, au uwe umepanga kulipeleka gari kufanyiwa rimapu, yaani kupangwa upya kwa kompyuta ya injini, na mtu anayejua kusoma vipimo. Hakuna njia ya katikati. Hata kwa kipenyo kilekile, koni mpya inaweza kubadilisha mtiririko mbele ya sensa, ndiyo maana kuna hatua ya kupima mwishoni. Kipande kilichonyooka cha sentimita 10 hivi kati ya koni na sensa kinasaidia sana.

Hatua ya 5: Hewa inatoka wapi?

Koni iliyo wazi karibu na tabo inavuta hewa iliyokwisha kupikwa. Nje ni nyuzi 32, chini ya boneti kwenye foleni ya Ubungo ni nyuzi 62 bila shida. Hewa ya moto ni nyepesi: kwa tofauti hiyo, kila lita inayoingia ina uzito pungufu kwa asilimia 9 hivi. Intakula, kile kipozeo cha hewa baada ya tabo, inapunguza madhara, haiyafuti. Linganisha na faida ya chujio lenyewe: chujio safi la kiwandani mara nyingi halizuii zaidi ya kilopaskali moja au mbili za shinikizo, na hewa ya Dar ina kilopaskali 101. Umeokoa asilimia moja mlangoni, umepoteza kadhaa kwa joto.

Kwa faida tu: ukilishusha gari kutoka Nairobi mpaka Mombasa, injini inapata hewa nzito kwa kama asilimia 15 hadi 20, bila kununua kitu. Ndiyo maana wenye magari ya bara wakirudi kutoka pwani husema gari "limefunguka".

Dawa ya joto ni kuitengea koni chumba chake. Bati la alumini lenye raba pembezoni inayogusa boneti linatosha, pamoja na njia ya hewa ya kiwandani inayotoka mbele ya gari. Koni wazi isiyo na kizuizi inapendeza siku ya maonyesho.

Kuna wanaoipeleka koni chini, nyuma ya bampa, kufuata hewa baridi. Inafanya kazi, mpaka masika yaingie. Anayepita bonde la Jangwani wakati wa mvua anajua maji yanavyopanda. Koni iliyo chini ikizama, injini inavuta maji, maji hayagandamiziki, na konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, inapinda. Kama gari ni la kila siku, koni ibaki juu ya usawa wa taa.

Hatua ya 6: Sokoni

Iwe Kirinyaga Road, Kariakoo au kwa kuagiza mtandaoni, nakala bandia ni nyingi, hasa za K&N na HKS. Boksi zuri si ushahidi. Shika chujio lenyewe.

Bonyeza raba ya shingo: iwe laini, irudi haraka, isiwe na harufu kali ya plastiki iliyoungua. Tazama pale mikunjo inapoingia kwenye raba. Gundi iwe imezunguka bila kuruka hata mkunjo mmoja. Fungua mikunjo kwa vidole: ilingane, isiwe mingine imelaliana. Kisha omba kona yenye giza, washa tochi ya simu na uiingize ndani. Karatasi nzuri inang'aa sawasawa kama taa ya chemli. Ukiona vitone vya mwanga mkali, ni matundu. Kwa pamba mwanga kiasi ni kawaida, ila mstari wa mwanga pembeni mwa raba si kawaida kwa chujio la aina yoyote.

Kwa chujio bapa, beba la zamani dukani uliweke juu ya jipya. Urefu na upana vikilingana, pima na unene wa raba ya pembeni. Raba nyembamba kwa milimita mbili inatosha kuruhusu vumbi kupita pembeni bila hata kuligusa chujio. Muuzaji asiyetaka ulinganishe, mshukuru na uende duka la pili.

Hatua ya 7: Kulifunga

Zima injini na uiache ipoe. Kabla ya kutoa chujio kuukuu, futa vumbi lote lililo juu ya boksi na kwenye bomba, la sivyo unalidondosha ndani wewe mwenyewe. Baada ya kulitoa, ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa safi. Pitisha kidole upande wa ndani, ule wa baada ya chujio. Kikitoka na vumbi laini, chujio lililopita lilikuwa linavuja, na unahitaji kujua ni wapi kabla ya kufunga jipya.

Kagua lile bomba la raba kati ya ea flo na tabo. Kwenye Subaru za umri huu hupasuka kwenye mikunjo ya chini, usipopaona bila kioo. Kagua hozi ndogo zinazoingia humo: ya mvuke wa injini, ya selenoidi ya tabo, na nyinginezo. Gari lililowahi kufungwa bomba la mitaani mara nyingi lina tundu moja lililosahaulika wazi, na hewa inayoingilia hapo haikuchujwa wala kupimwa. Angalia pia raba ya duara ya ea flo yenyewe.

Ea flo isafishwe kwa dawa yake ya kupuliza pekee, bila kugusa waya kwa pamba wala brashi, kisha ikauke kabisa kabla ya kuwasha swichi.

Paka grisi nyembamba kwenye mdomo wa raba ya chujio. Inasaidia kuziba, na inakuwa shahidi wako baadaye. Kaza klampu mpaka chujio lisizunguke kwa mkono, basi. Ukikaza kupita kiasi raba inajikunja na kufungua mwanya upande wa pili. Koni nzito ishikwe na kibano kilichofungwa kwenye bodi, kisicho kigumu, kwa sababu injini inacheza na bodi haichezi.

Hatua ya 8: Pima ulichokifanya

Wengi hufunga, husikiliza mvumo, huridhika. Usiishie hapo.

Kipimo cha kwanza ni cha petroli. Subaru za soko la Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazielewani na vile vifaa vidogo vya OBD2 vya bluetooth vya kusoma kompyuta ya gari. Zinahitaji waya wa kuunganishia wa KKL 409.1 na kompyuta yenye programu ya FreeSSM au RomRaider, zote za bure. Rekodi marekebisho ya petroli, yaani asilimia ambayo kontroli boksi inaongeza au kupunguza, kabla ya kubadilisha chujio na baada ya kutembea siku chache. Yakibaki ndani ya asilimia 5 kila upande, vizuri. Yakipanda zaidi ya 10, ea flo inadanganywa au kuna hewa inayovuja. Usikanyage gari mpaka ujue. Tazama pia kama kontroli boksi inarudisha nyuma muda wa cheche unapokanyaga kuliko ilivyokuwa.

Kipimo cha pili ni cha maji, na gharama yake ni ya mpira wa plastiki angavu wa mita tatu. Uinamishe uwe umbo la U kwenye ubao, kila mkono usipungue sentimita 60, tia maji ya rangi mpaka nusu, na ncha moja iunganishe kwenye tundu lililo kati ya chujio na tabo. Ncha nyingine ibaki wazi. Abiria ashike ubao wima wakati wewe unakanyaga mahali salama, aangalie maji yanapishana kwa milimita ngapi. Kila milimita 102 ni kilopaskali moja. Pima na chujio kuukuu, pima na jipya, tundu lilelile, mizunguko ileile. Kama tofauti ni milimita 50, umepata nusu kilopaskali, na sasa unajua ulichonunua ni mvumo. Andika usomaji wa chujio jipya mahali: ukija kuongezeka kwa milimita 250 hivi, yaani kama kilopaskali 2.5, chujio limejaa. Hicho ndicho kipimo cha kubadilisha, si kilomita zilizoandikwa kwenye boksi.

Cha tatu ni grisi. Baada ya kilomita 1,000, fungua na utazame ule mdomo wa raba. Vumbi likiwa limenata upande wa nje tu, limezibwa vizuri. Ukiona njia ya vumbi iliyokatiza grisi kwenda ndani, mlango ndio huo.

Mwenye gari analolipenda sana anaweza kupeleka oili maabara wakati wa kumwaga na kuangalia silikoni, ile iliyomo kwenye silika ya vumbi. Ikipanda pamoja na chuma, vumbi linaingia. Ikipanda peke yake baada ya injini kufunguliwa, huenda ni ile gundi ya gasketi.

Kulitunza na kulitupa

Karatasi haioshwi. Unaweza kuigonga kidogo kwa kiganja mara moja au mbili katika maisha yake, kisha inatupwa. Sintetiki kavu ioshe kwa sabuni laini, suuza kutoka ndani kwenda nje, ikauke kivulini. Pamba ioshwe kwa dawa yake, ikauke kabisa, ipakwe mafuta yake kidogokidogo juu ya kila mkunjo, iachwe nusu saa yaenee, na palipobaki peupe paguswe tena. Petroli, mafuta ya taa na oili ya injini havihusiki hapa, hata kama fundi wako ana kopo tayari mkononi: vinalainisha gundi na kuvimbisha raba.

Na machujio yanayooshwa nayo yana mwisho. Raba ya shingo ikishakuwa ngumu kiasi kwamba kucha haiachi alama, mkunjo ukishatengana na gundi, au wavu ukishatoboka, chujio hilo linatupwa, hata kama liko safi.